Unyozi: Wembe watoweka bonde la Kilombero, mafunzo yabaki nyuma

KAZI ya unyozi ni miongoni mwa kazi kongwe katika Afrika Mashariki, na lugha ya Kiswahili yenyewe ni shahidi. Methali isemayo ‘Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji’ hutumiwa leo kuwaonya wazembe, lakini ndani yake mna maelezo ya ufundi. Wembe haukupitishwa kwenye nywele kavu. Aliyesubiri zamu yake alilowesha kichwa mapema ili nywele zilainike na ngozi isichubuke. Nayo methali ya ‘Kinyozi hajinyoi’ hukumbusha kwamba hata fundi hodari hana budi kuinamisha kichwa mbele ya mwenzake na kumwamini.

Siku hizi ni rahisi kumpata kijana mjini Ifakara au Malinyi anayezijua methali hizo mbili kwa moyo bila kuwahi kuona wembe wa mpini ukinolewa juu ya mkanda wa ngozi. Kinyozi wa zamani, aliyekaa chini ya mti au kwenye baraza ya duka akiwa na kigoda, kioo, mkasi na beseni la maji, amezidiwa na saluni ya mashine ya umeme. Mabadiliko hayo yana faida yake, na hakuna sababu ya kuyalilia. Hata hivyo, pamoja na wembe umeondoka pia utaratibu wa kumfunza kinyozi, na hilo ndilo linalogusa afya ya kila anayeketi kwenye kiti.

Makala haya yanaeleza unyozi ulikuwa nini, kwa nini vinyozi wa jadi wamepungua, na njia zilizopo kwa kijana wa Malinyi anayetaka kuwa kinyozi aliyefuzu.

Bonde na watu wake

Malinyi ni wilaya iliyoko kusini mwa Mkoa wa Morogoro, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Ulanga katikati ya miaka ya 2010. Msafiri atokaye Ifakara huvuka Mto Kilombero, hufika Lupiro, na hapo huiacha barabara ya Mahenge na kushika ile ya Mtimbira na Malinyi. Kwa miaka mingi mto huo ulivukwa kwa kivuko, hadi daraja lilipojengwa na kuzinduliwa rasmi mwaka 2018. Ni nchi ya mpunga, ambako Wandamba, Wapogoro na Wabena wameishi kwa vizazi, na ambako wafugaji wa Kisukuma wamehamia katika miongo ya karibuni.

Katika nchi ya kilimo kama hiyo, unyozi haukuwa ajira ya kutwa kwa watu wengi. Mtu alilima msimu wa mvua, akanyoa siku za soko na baada ya mavuno, fedha zinapokuwa mikononi mwa watu. Ndiyo maana ufundi huo ulirithiwa zaidi kuliko kusomewa.

Zaidi ya kukata nywele

Wembe wa kinyozi ulimfuata mtu tangu kuzaliwa hadi kufa. Kwa Waislamu, mtoto hunyolewa siku ya saba katika akika, na ni sunna kutoa sadaka ya fedha yenye uzito wa nywele hizo. Katika makabila mengi ya nchi hii, wafiwa hunyolewa matanga yanapokwisha, ishara kwamba msiba umefungwa na maisha yanaendelea. Mtindo nao ulikuwa na majina yake. Kulikuwa na denge, yaani kunyoa pembeni na kuacha kishungi cha nywele utosini. Kulikuwa na kipara. Na kulikuwa na kibwenzi kilichoachwa juu ya paji la uso.

Aidha, katika mwambao ufundi wa wembe ulikaribiana na tiba. Kuumika, yaani kutoa damu kwa chuku baada ya kuchanja ngozi, kulihitaji mkono uleule uliozoea wembe. Tohara ilikuwa na bingwa wake, ngariba. Hata Ulaya mambo yalikuwa hivyo. Nchini Uingereza, vinyozi na wapasuaji waliunganishwa katika chama kimoja kwa sheria ya mwaka 1540, na hawakutengana hadi mwaka 1745. Ambroise Paré, mpasuaji mashuhuri wa Ufaransa wa karne ya 16, alianza kama mwanagenzi wa kinyozi.

‘Saluni’ isiyokuwa ya urembo

Katika bonde la Kilombero, kunyolewa kulikuwa na maana nyingine ambayo mgeni kutoka mjini hawezi kuifahamu mara moja. Kwa miongo kadhaa, watu waliotuhumiwa uchawi katika Ulanga na Kilombero walipelekwa kwa waganga, na mashuhuri kuliko wote alikuwa wa kijiji cha Ihowanja, upande wa Malinyi. Huko walinyolewa nywele na kupewa dawa, kwa imani kwamba baada ya hapo hawangeweza tena kudhuru. Kanisa Katoliki, lenye waumini wengi katika eneo hilo, lilipinga desturi hiyo.

Mwanaanthropolojia Maia Green aliandika kuhusu jambo hilo katika miaka ya 1990. Mwaka 2005, yeye na Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti kuhusu sura mpya ya desturi hiyo, ambayo wenyeji walikuwa wameanza kuiita ‘saluni’. Jina la biashara ya kisasa ya nywele lilikuwa limehamia kwenye huduma ya kumtakasa mtuhumiwa.

Ikumbukwe kwamba Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, inamtia hatiani pia anayemtuhumu mwenzake kuwa ni mchawi. Kisa hiki kinatajwa hapa kwa sababu kinaonyesha uzito wa kichwa cha mtu katika jamii. Kumnyoa mtu ni kuwa na mamlaka fulani juu yake, na anayenyolewa hujikabidhi. Kinyozi wa jadi alilijua hilo, na heshima yake ilitokana na kutoyatumia vibaya mamlaka hayo.

Wembe ulivyoondoka

Sababu ya kwanza ya kupungua kwa wembe ni teknolojia. Mwaka 1903 kampuni ya Mmarekani King Gillette ilianza kuuza wembe salama wenye makali ya kubadilishwa, na wanaume wa Ulaya na Marekani wakaanza kujinyoa ndevu nyumbani. Mwaka 1919 Leo Wahl wa jimbo la Illinois aliwasilisha maombi ya hataza ya mashine ya umeme ya kukata nywele. Huku kwetu, mashine ya mkono, ile inayobanwa kama koleo, ilitangulia, nayo ya umeme ikafuata polepole kwa kutegemea kasi ya nguzo za umeme.

Hapo ndipo historia ya bonde la Kilombero inapokuwa na kejeli yake. Kituo cha kufua umeme cha Kidatu, chenye uwezo wa megawati 204, kilianza kazi mwaka 1975. Kile cha Kihansi, chenye megawati 180, kilifuata mwaka 2000. Vyote viwili vinatumia maji ya milima na mito inayolizunguka bonde hilo, na umeme wake ukaingia katika gridi ya taifa, huku vijiji vingi vya bondeni vikiendelea kuwasha koroboi. Sheria ya Nishati Vijijini ilitungwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini ukaanza kazi mwaka 2007. Kabla ya nguzo kufika, betri ya gari, jenereta ndogo na baadaye paneli ya jua ndivyo vilivyoendesha mashine za kunyolea.

Sababu ya pili ni hofu ya maradhi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kampeni zilizofuata ziliwasihi wananchi wasichangie nyembe na vifaa vyenye ncha kali, na wito huo ulikuwa wa haki. Lakini kwa kinyozi mwenye wembe mmoja wa mpini, aliounoa kwa miaka 20 na kuutumia kwa kila mteja, ulikuwa ni hukumu. Wateja walianza kuja na wembe wao mpya wa karatasi mfukoni, kisha wakahamia kwenye mashine.

Sababu ya tatu ni mtindo. Picha za wanamuziki na wachezaji wa mpira zilileta mikato ambayo wembe peke yake hauwezi kuitoa, yenye nywele fupi chini na ndefu juu zikiungana bila mstari kuonekana. Kijana hakwenda tena kupunguza nywele tu. Alikwenda kutafuta sura.

Mwanagenzi wa zamani

Kwa desturi, mwanagenzi wa kinyozi alianza kwa kufagia nywele, kuteka maji na kuyachemsha. Baadaye alifundishwa kunoa: kwanza kwenye jiwe, kisha kwenye ngozi, akijaribu makali juu ya unywele mmoja. Vichwa vya kwanza alivyokabidhiwa vilikuwa vya watoto wanaonyolewa kipara, ambao kosa la mtindo halionekani kwao ingawa kosa la mkono huonekana kwa damu. Ndevu za watu wazima zilikuja mwisho, kwa sababu shingo haina msamaha.

Mafunzo hayo hayakuwa na cheti wala muda maalumu. Yalikuwa na upungufu mkubwa pia: fundi asiyejua chanzo cha maambukizi aliwarithisha wanafunzi wake ujinga uleule. Hata hivyo, yalikuwa na jambo moja ambalo ni adimu leo. Mwanagenzi hakugusa kichwa cha mteja kabla bwana wake hajaridhika.

Mashine iliupunguza muda huo. Kijana anaweza kununua mashine, kukodi kibanda na kuanza kazi wiki hiyo hiyo. Wengi huanza kwa kushika kiti katika saluni ya mtu mwingine, wakimpelekea mwenye saluni hesabu ya kila siku na kubaki na kinachozidi. Katika mpango huo hakuna anayelipwa kufundisha, na kila dakika inayotumika kumwelekeza mgeni ni dakika ya kukosa mteja. Mkato hujifunzwa kwa kutazama, siku hizi hata kwa video za simu. Usafi hauonekani kwenye video, kwa hiyo haujifunzwi.

Anachopaswa kujua kinyozi

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa mashine haikati kama wembe, hatari imekwisha. Dhana hiyo si sahihi. Meno ya mashine hugusa ngozi, na yakirekebishwa vibaya kiasi kwamba meno yanayotembea yanayatangulia yale yaliyotulia, hukwangua. Kinyozi aliyefunzwa vizuri anapaswa kuyamudu angalau mambo yafuatayo:

Vipimo. Vichanio vya mashine vina namba zake. Namba 1 huacha nywele za takriban milimita 3, namba 2 milimita 6, na namba 4 milimita 13. Kuunganisha namba moja na nyingine bila kuacha alama ndiyo kazi inayomtofautisha fundi na anayebahatisha.

Maradhi ya damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki na nguvu ya kuambukiza nje ya mwili kwa siku zisizopungua 7, hata pale ambapo damu haionekani kwa macho. Watoto nchini walianza kupewa chanjo yake katika ratiba ya kawaida mwaka 2002, hivyo watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Wembe wa kuchonga ndevu utumike kwa mtu mmoja na kutupwa mahali salama.

Mapunye. Huu ni ugonjwa wa fangasi wa kichwa unaowapata zaidi watoto wa shule, na vimelea vyake hubaki kwenye meno ya mashine, vichanio na brashi. Mafuta ya kupaka pekee hayatoshi kuuponya, kwani fangasi huingia ndani ya unywele. Mgonjwa huhitaji dawa ya kumeza kwa ushauri wa mganga. Kinyozi akiuona ampe mteja ushauri kwa faragha, na asitumie mashine hiyo kwa mwingine kabla ya kuisafisha.

Vipele. Nywele za kujikunja zikikatwa karibu mno na ngozi huweza kurudi ndani na kuleta vipele vya ndevu, na vile vya kisogoni ambavyo huweza kugeuka makovu makubwa. Kwa mteja wa namna hiyo, dawa ya kwanza ni kuacha nywele ndefu kidogo, na kinyozi awe na ujasiri wa kukataa kunyoa hadi sifuri.

Usafishaji. Nywele na taka ziondolewe kwa brashi kwanza, kwa kuwa dawa haipenyi uchafu. Meno ya mashine yafutwe kwa spiriti ya asilimia 70, kisha yatiwe mafuta. Vifaa visivyo vya umeme vinaweza kulowekwa kwa dakika 10 katika mchanganyiko wa sehemu 1 ya jiki ya asilimia 3.5 na sehemu 6 za maji, halafu vioshwe na kukaushwa ili visishike kutu. Kile kisanduku chenye taa ya buluu kinachoonekana katika saluni nyingi hakitoshi peke yake, kwani mwanga wake hausafishi upande usiofikiwa wala kifaa chenye uchafu.

Njia rasmi za mafunzo

Wazo la kumpeleka kinyozi shuleni si geni duniani. Shule ya kwanza ya vinyozi nchini Marekani ilifunguliwa na A. B. Moler mjini Chicago mwaka 1893, na mwaka 1897 jimbo la Minnesota likawa la kwanza kutunga sheria ya kuwataka vinyozi wawe na leseni.

Nchini Tanzania, msingi wa mafunzo ya ufundi ni sheria ya mwaka 1994 iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA. Fani za urembo na utengenezaji wa nywele zimo miongoni mwa zinazofundishwa chini ya mfumo huo, na vyeti vyake hutolewa kwa ngazi ya I, II na III. Kwa aliyejifunza kazini bila kupita chuoni, ipo njia ya urasimishaji ujuzi: fundi hupimwa kwa vitendo na kwa maswali, huelekezwa pale anapopungukiwa, na hupewa cheti kwa kile anachokijua. Utaratibu huo ulianza kwa fani chache, kama useremala na uashi, mwishoni mwa muongo wa 2000.

Aidha, mwaka 2017 serikali ilizindua mwongozo wa taifa wa uanagenzi, unaogawa muda wa mwanafunzi kati ya chuo na mahali pa kazi. Kwa namna fulani, mwongozo huo unarudisha kile alichokuwa akikifanya kinyozi wa chini ya mti, ila sasa kuna mtaala, mkataba na mtihani.

Kwa mkazi wa bonde la Kilombero, milango ya karibu ni vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo vilianzishwa nchini kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden. Kimoja kiko Ifakara na kingine kiko Sofi, wilayani Malinyi. Fani zinazotolewa hutofautiana chuo hadi chuo na mwaka hadi mwaka, hivyo kijana aulize chuoni kabla ya muhula kuanza. Pale ambapo fani ya nywele haipo, masomo ya ujasiriamali na utunzaji wa hesabu bado yatamfaa, kwa sababu saluni nyingi hufa kwa kukosa daftari kuliko kukosa wateja.

Kufungua saluni

Anayetaka kujitegemea anahitaji namba ya mlipakodi, ambayo hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato, na leseni ya biashara kutoka halmashauri. Mtaji unaweza kutafutwa kupitia mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo iliwekwa kisheria mwaka 2018, ikasimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Julai 2025 serikali ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara 15, na saluni ni mojawapo, isipokuwa iliyoko hotelini au kwa ajili ya utalii. Kwa amri hiyo, serikali imetamka kuwa hii ni kazi ya Mtanzania wa kawaida. Kinachobaki ni kumwezesha Mtanzania huyo aifanye kwa ujuzi.

Wazee waliobaki na wembe wanaweza kusaidia katika hilo. Wanajua kunyoosha ngozi kwa vidole, kusoma mwelekeo wa nywele na kumtuliza mtoto anayelia, na mambo hayo hayakubadilika mashine ilipokuja. Saluni inayomkaribisha mzee wa namna hiyo kuelekeza vijana, huku afisa afya akiwafunza usafi, ingepata pande zote mbili za ufundi kwa gharama ndogo.

Mteja naye asikae kimya. Kabla ya kuinamisha kichwa, iwe ni Kariakoo au Mtimbira, ana haki ya kuuliza maswali matatu: mashine hii imesafishwa lini, wembe huu ni mpya, na ulijifunzia wapi kazi hii? Kinyozi anayeijua kazi yake hatakasirika kuulizwa.